Kijiti cha Shibiri Moja

Mimi ni mama wa samaki. Butembo wananijua kwa jina hilo, na linanitosha. Nina miaka 61, wajukuu 9, na meza moja sokoni ambayo nimeisimamia tangu mume wangu alipofariki. Kanisani kwetu, anayesimama kutoa ushuhuda huanza na ugonjwa aliopona. Mimi naanza na ugonjwa niliousambaza.

Sijawahi kuvua. Kuogelea sijui, na mtumbwi nimeupanda mara mbili tu, mara zote nimefumba macho. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 nilivua Ziwa Edward kuliko wavuvi wengi, na niliowavua walikuwa watoto.

Niwaeleze. Kyavinyonge ni kijiji cha wavuvi upande wa kaskazini wa ziwa, katika wilaya ya Beni. Ukitoka Butembo unaiacha baridi mlimani, unashuka mpaka sweta unaifunga kiunoni, halafu unaliona ziwa limelala chini kama bati jipya. Nusu ya maisha yangu imepita kwenye njia hiyo. Kijana wa pikipiki alikuwa akipandisha samaki waliotiwa chumvi, mimi nikiwapokea, na Butembo wakiwala na bugali na sombe. Wengine niliwatuma Beni.

Mvuvi hana pesa ya wavu. Hilo ndilo jambo ambalo mgeni haliulizi. Wavu unachanika, kiboko anaupitia, wezi wanaubeba usiku, na asubuhi mvuvi ana mikono tu. Anakuja kwangu. Nampa wavu, ananilipa kwa samaki, na bei ya samaki naipanga mimi. Nilikuwa na wavuvi 14 wa namna hiyo. Kila mmoja alijiita mvuvi wa kujitegemea, na kila mmoja alikuwa ndani ya daftari langu.

Sheria ya ziwa letu ni macho ya wavu ya inchi 4 na nusu. Kyavinyonge kila mtu anaijua kama anavyozijua Amri Kumi, na anaishika vilevile. Mwanzoni nilinunua nyavu za inchi 4 na nusu. Zilipoanza kurudi na samaki wachache, nikanunua za inchi 3 na nusu. Zikarudi nyepesi, nikashuka mpaka 2 na nusu. Nilizifunga katikati ya gunia la maharage, nikashuka nazo njiani huku naimba nyimbo za kwaya. Leo bado naona haya kuhusu nyimbo kuliko kuhusu nyavu.

Nyinyi mnaokula mnaweza kupima ziwa bila kuliona: angalieni jinsi sisi wauzaji tunavyopanga meza. Nilipoanza, tilapia aliuzwa mmoja mmoja, mkia wake ukining'inia nje ya sahani. Baadaye nikauza wawili wawili. Kisha ikaja siku nikawapanga kwa mafungu, watano, kisha wanane, kama mtu anayeuza nyanya. Siku hiyo nilijisifu kwamba nimepata akili ya biashara. Wateja walifurahi, maana fungu la faranga kidogo linalisha watoto wengi. Hakuna aliyeniuliza samaki wakubwa wameenda wapi. Mimi pia sikujiuliza.

Wazee walikuwa na jibu lao. Walisema ziwa lilianza kufa viboko walipokufa. Miaka ya 1970 mbuga yetu ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Baada ya vita vyetu vyote, mwaka 2005, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, anakunya majini mchana, na kutokana na mavi yake unaota ule ukijani wa maji ambao tilapia anaula. Wataalamu nao wanasema hivyo. Nililipenda sana jibu hilo, kwa sababu ndani yake mimi sikuwemo.

Kilichonibadilisha kilianza na beseni. Nilikuwa nimeshuka Kyavinyonge na mjukuu wangu wa miaka 8, likizo ya Pasaka, kabla ya Ebola. Mtumbwi ulifika alfajiri, nikakaa kwenye mchanga na kisu changu, nikaanza kupasua. Mtoto alikuwa akinimwagia maji. Nilipomshika tilapia mmoja shingoni, mdomo ukafunguka na vitu vya rangi ya mahindi vikamwagika ndani ya beseni, vingi, kama punje za uwele.

"Kaka, huyu alikuwa anakula nini?" Kwetu mtoto humwita bibi yake hivyo, Kaka.

Nikamwambia hakuwa anakula. Ni mayai yake. Tilapia jike akishataga huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Hata vifaranga wakishatoka, wakiogopa kitu wanarudi mbio kuingia mdomoni mwa mama yao. Hilo nililijua tangu ujana. Nimeyamwaga mayai hayo mara ngapi, sijui. Lakini mtoto hakuwa amelijua, akaweka kidole kwenye beseni, akaanza kuyahesabu. Alifika 200 akachanganyikiwa, akaanza upya. Samaki mwenyewe alikuwa mdogo kuliko kiganja changu.

"Sasa wao watarudi mdomoni kwa nani?"

Nilimwambia anyamaze, alete maji. Sikutubu siku hiyo. Nawaambia ukweli kwa sababu nimechoka na shuhuda za watu wanaobadilika kabla ya chakula cha mchana. Lile swali lilibaki kama mwiba wa samaki kooni: haukuui, lakini kila ukimeza unaukumbuka.

Katika miaka ile mikutano ya kuokoa ziwa haikukosekana. Wageni walikuja na gari, na karatasi iliyokwisha kuandikwa, wakaisoma kwa Kifaransa. Tulisaini orodha ya waliohudhuria, tukanywa soda, tukapewa pesa ya usafiri. Huko ndiko nilikolisikia neno wadau kwa mara ya kwanza. Sisi wanawake wa chumvi tukaligeuza utani: mdau ni mtu anayelipwa nauli. Karatasi ilisema mvuvi aache hiki, mvuvi aache kile. Mvuvi aliitikia ndiyo. Usiku alishusha wavu wangu.

Msifikiri watu wa ziwa hili hawakuwahi kujipanga. Mbuga ilianzishwa mwaka 1925, na baadaye ikapanuliwa mpaka ikatuzunguka sisi na vijiji vyetu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na ushirika wa uvuvi, COPILE, ambao baadaye ukawa COPEVI. Vijiji vya wavuvi vilivyokubaliwa upande wetu ni vitatu: Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Vita vikaleta vingine ambavyo havikuandikwa popote, na nyavu ambazo hakuna aliyezipima. Na ukienda mbali zaidi, pale Ishango, ambapo mto Semliki unatoka ziwani, ardhi ilitoa vyusa vya mfupa vya watu waliovua huko yapata miaka 20,000 iliyopita, pamoja na ule mfupa wenye alama zilizochongwa kwa mpangilio, uliopatikana mwaka 1950 na sasa uko Brussels. Wasomi bado wanabishana alama zile zinahesabu nini. Mimi nikiuangalia katika picha naona daftari langu la madeni.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, karibu na Beni, na ilipotangazwa kwisha mwezi wa sita 2020 ilikuwa imeua watu zaidi ya 2,200. Butembo na Beni hatutasahau. Kulikuwa na magari mengi ya riposti, yaani ya wale waliokuja kupambana na ugonjwa, na watu waliovaa kama wanaenda mwezini, wakimchukua mgonjwa na wakati mwingine wakirudisha mfuko. Mwaka 2019 vituo vya matibabu vilishambuliwa, Katwa na mjini Butembo. Mimi mwenyewe nilisema mambo ya kijinga juu ya chanjo, mezani kwangu, mbele ya wateja. Aliyenigeuza hakutoka mbali: ni mwanamke wa mtaa wetu, mshoni, aliyepona, akawa anashika watoto wa wagonjwa kwa mikono yake. Yeye alikaa nasi, akaulizwa maswali mabaya, akayajibu. Baada ya hapo nilichanjwa.

Nalitaja hili kwa sababu nilijifunza kitu. Sisi si watu wagumu. Tunakataa jambo lililoamuliwa bila sisi hata kama ni jambo jema, na tunalipia kukataa kwetu kwa uhai wetu wenyewe.

Siku ya mkutano mwingine wa ziwa, mimi sikuwa nimealikwa. Nilikuwa Kyavinyonge kukusanya madeni, mvua ikanikuta, nikaingia kwenye ukumbi wenye bati na kukaa nyuma juu ya mfuko wangu wa chumvi. Aliyeongoza alikuwa mwalimu mmoja wa mambo ya uvuvi, mtoto wa kwetu, anayeongea Kinande na Kiswahili. Hakuwa na karatasi. Alichukua majivu jikoni kwa mama mmoja, akachora ziwa sakafuni, na Semliki, na ghuba zote. Akampa kila mtu jiwe aliweke mahali anapokula kutokana na ziwa. Wavuvi waliweka yao majini. Wenye mitumbwi wakaweka ufukweni. Wanawake wanaopasua na kukausha, vijana wa pikipiki, mchonga mitumbwi, walinzi wa mbuga, wanajeshi wa majini, mjumbe wa mwami, yaani chifu wetu, kila mmoja akainama na kuweka.

Mwalimu akayatazama mawe, akauliza: "Nani hayupo?"

Watu wakanyamaza. Kisha kijana mmoja, wa daftari langu, akasema: "Mwenye wavu hayupo."

"Mwenye wavu si wewe?"

"Mimi ni mwenye mikono. Mwenye wavu yuko pale nyuma, amekalia chumvi."

Ukumbi wote uligeuka. Natamani ningeweza kuwaambia nilisimama na kulia. Nilikasirika. Nikamwambia, kijana wangu, nilikupa wavu mke wako alipokuwa na mimba, leo unanivua nguo mbele ya watu? Akanijibu kwa adabu, bado amesimama, kofia mkononi:

"Mama, usinihukumu. Naweza kuapa hapa kwamba nimetupa wavu wa inchi 2 na nusu. Kesho usiku utaniuliza deni lako. Nitakulipa na nini?"

Nilitoka na mvua ikaninyeshea. Wiki ile niliyadai madeni yote kwa hasira. Lakini njiani kupanda Butembo, pikipiki ikiteleza kwenye tope, nilifanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Wavuvi 14, nyavu ndogo 14, usiku baada ya usiku. Miongoni mwa wote waliokuwa ukumbini, hakuna hata mmoja aliyeweza kuacha bila mimi kumruhusu. Mlinzi angeweza kuchoma wavu, ningenunua mwingine. Sheria ilikuwa inampiga mkono mtu ambaye mkono wake niliukodi mimi.

Mwezi uliofuata nilirudi. Nilikaa mbele, nikaomba jiwe. Mwalimu akanipa, na mimi sikujua niliweke wapi, kwa sababu Butembo haikuwemo kwenye mchoro. Akachukua majivu tena, akachora mlima, na njia, na soko. Wanawake wengine wawili wa Butembo niliokuja nao waliweka mawe karibu na langu. Ziwa likawa kubwa zaidi siku hiyo, likafika mpaka jikoni kwa watu ambao hawajawahi kuliona.

Mwalimu alituonyesha picha kwenye simu. Wanawake wa Zanzibar, sehemu za Fumba na Bweleo, wameinama ufukweni maji yakiwa yametoka, wana vikapu, wanaokota chaza. Kiswahili chetu ni kimoja, lakini neno hilo halikufika kwetu mlimani. Tuliuliza kama ni mawe yanayoliwa. Akaeleza kwamba ni mnyama ndani ya gamba, na kwamba chaza walipopungua, wale wanawake waliokuwa wakiwaokota walikaa na wataalamu, wakakubaliana vipande vya pwani vipumzishwe, na wengine wakaanza kuwafuga. Akatuambia pia juu ya Andavadoaka, Madagaska, ambako mwaka 2004 wanakijiji walifunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na vijiji jirani vilipoona pweza wakubwa siku ya kufungua, navyo vikaiga. Mama mmoja mpasuaji akasema: "Kumbe hao walianza na wale wanaoinama." Nililipenda neno hilo. Mpango uanze na wanaoinama.

Tulibishana miezi. Mwisho tukashika mambo matatu. La kwanza, ghuba moja ya maji mafupi, ambako tilapia dume huchimba visahani vyake mchangani na jike huja kutaga, isiguswe msimu wa kuzaliana. Tuliizungushia bidoni za mafuta za njano zilizofungwa kwenye mawe. La pili lilikuwa langu: msimu huo deni linalala. Sidai, siongezi. Na yeyote anayeniletea wavu mdogo, naukata mbele yake, nafuta nusu ya deni lake, nampa wa inchi 4 na nusu. Nusu ya madeni yangu ilipotea hivyo. Mwanangu mkubwa hakunisemesha wiki mbili.

La tatu lilikuwa kipimo cha sokoni. Mezani hakuna anayepima macho ya wavu, anapima samaki. Tukasema: asiyefika shibiri hanunuliwi. Basi ukumbi ukawaka moto, shibiri ya nani? Wavuvi walimleta kijana mwenye vidole vifupi. Walinzi wakamtoa mwenzao mmoja mwenye mkono kama jembe. Wakacheka, wakagombana, mpaka mjumbe wa mwami akasema tutumie mkono wa anayelipa. Nilitandaza mkono wangu kwenye meza, kidole gumba mpaka cha mwisho, mwalimu akakata kijiti cha mlingoti hapohapo. Alisema angependa kirefu kidogo, lakini afadhali kipimo kinachotumika. Vilikatwa vijiti saba vilivyo sawa. Kimoja kilibaki Kyavinyonge, kimoja Beni, vingine vikapanda Butembo.

Je, ziwa limepona? Hapana. Siku mbili kwa wiki bado nauza kwa mafungu. Wateja wamenikimbia kwenda meza ya pili, ambako wadogo wapo na bei ni rahisi. Lakini kwenye mpaka wa zile bidoni wavuvi sasa wanapanga foleni ya mitumbwi msimu unapofunguliwa, na wameanza kufukuzana wenyewe bila kungoja mlinzi. Tilapia anayejaza sahani nimeanza kumwona tena, si kila siku, lakini akija namweka peke yake juu ya jani la mgomba.

Na ziwa si letu peke yetu. Waganda wako ng'ambo, na mstari wa maji hauonekani usiku. Wavuvi wetu wengi wamefungwa kwa kuuvuka. Mwezi wa saba 2018 wanajeshi wa majini wa nchi mbili walirushiana risasi humo na watu walikufa. Mwaka huohuo serikali zikasaini mkataba wa kusimamia uvuvi pamoja. Halafu mwaka 2024 waasi wa M23 wakaingia Vitshumbi. Watu walikimbilia kwetu, na wengine walichokibeba ni wavu tu, mara nyingi mdogo. Baadhi yetu tulitaka kuwafukuza. Mwalimu akauliza swali lake lilelile: nani hayupo? Tukawapa mawe. Mpaka leo wanabisha juu ya ghuba, na wana haki ya kubisha, maana mtu aliyekimbia na watoto watano hawezi kungoja msimu. Bado hatujalimaliza.

Kila mwanzo wa mwezi tunakutana, na kabla ya maombi vijiti vyote saba vinasimamishwa mezani, bega kwa bega. Ni desturi tuliyoianza baada ya kimoja kuonekana kimechongwa ncha. Mwezi uliopita nililetewa changu kutoka sokoni, nikakisimamisha bila kukitazama. Kilikuwa kifupi kuliko vingine kwa upana wa kidole.

Nilijua mara moja. Mjukuu wangu, yuleyule wa beseni, sasa ni msichana mkubwa anayenisaidia mezani wakati wa likizo, na wateja walikuwa wamemsumbua. Watu walinitazama. Yule kijana wa kofia alikuwa mbele yangu, na hakusema neno.

Nikasimama. Nikasema, hiki ni changu, na aliyekikata ni wa nyumba yangu, kwa hiyo nimekikata mimi. Nikatandaza mkono mezani tena. Umekunjamana tangu ile siku ya kwanza, na vidole havinyooki vizuri, ikabidi yule kijana anishike kidole cha mwisho na kukivuta taratibu mpaka kikafika alama ya zamani.

"Wasingya, Mama," akanishukuru. Kisha akachukua kisu na kukata kijiti kipya.